Vidole Viwili Kutoka Ukingoni

Mwandishi alikuwa na chuki moja kubwa, nayo ni kwa watu wanaoanza barua kwa habari. Mlevi alimvumilia, mmbeya alimsikiliza hata akamwongezea la kusema, lakini mtu aliyesimama mbele ya kisanduku chake cha kalamu pale barazani Kibokoni akasema, "Andika, mama yu hoi, aje upesi," huyo alitazamwa kama aliyeingia msikitini na viatu.

"Barua yatoka wapi?"

"Yatoka hapa, Mombasa."

"Mombasa ni kubwa. Wewe wakaa wapi?"

"Mzee, nimekwambia mama yu hoi!"

"Nimesikia. Wakaa wapi?"

Huyo alikuwa mchukuzi wa Kilindini, jitu la mabega mapana, na nilidhani atakipiga teke kile kisanduku. Badala yake akaanza kueleza: anakaa Makupa, nyuma ya duka la Mhindi wa mafuta ya taa, nyumba ya tatu ya makuti. Akieleza hivyo sauti yake ikashuka. Walipofika kwenye tarehe alikuwa ameketi chini, analia kimya kimya, na Mwandishi amesimamisha kalamu anamngoja. Barua yenyewe ilikuja kuwa mistari minne tu, na yote ilikuwa na maana.

Sitaji jina lake. Waliolijua wamekwisha kulala makaburini, na mtaa mzima ulimwita Mwandishi tu, kana kwamba kisiwani hapakuwa na mwingine ashikaye kalamu. Mimi nilimwita ami, kwa adabu, wala hatukuwa na udugu. Nyumba yake na yetu ziligusana ukuta, na dirisha langu la juu lilikuwa juu ya baraza lake hasa. Kazi yangu ilikuwa kushona kofia. Mshona kofia macho yake yako kwenye sindano na masikio hayana kazi, basi yangu mimi aliyaajiri yeye. Ilikuwa miaka ya vita. Mume wangu alikuwa dereva jeshini, ng'ambo, sikujua ng'ambo ipi. Mtoto sikujaliwa. Tulikuwa tumeoana miezi saba tu alipoondoka, na tangu hapo ndoa yangu ilikuwa barua.

Kitwa cha barua, yaani kichwa chake, alivyokiita kwa lugha yetu ya Mvita, kilikuwa na utaratibu wake na hakuna aliyemvunjia. Kwanza alipima. Aliweka vidole viwili vya mkono wa kushoto kwenye ukingo wa juu wa karatasi, na chini ya vidole hivyo ndipo alipoandika jina la Mungu. Chini yake mahali: mji, mtaa, msikiti ulio karibu, kisha "kwa mkono wa Mwandishi, Kibokoni," ili jibu lijue pa kurudi. Kisha tarehe, ya Kiislamu kwanza, ya Kizungu chini yake. Hapo akaacha vidole viwili vitupu, "ivute pumzi." Ndipo jina la mwandikiwa na la babake, na sifa zake, na dua ya kumtakia salama. Ndipo salamu. Mpaka hapo nusu ya ukurasa imekwisha na mteja hajasema lake. Wengi walipeleka barua zenye kitwa cha ng'ombe na mwili wa kuku, na hawakulalamika, kwa sababu aliyezipokea alisikia ametajwa vizuri.

Hakumpunguzia mtu sifa. Siku moja alikuja mwanamke wa mtaa wa pili, mumewe amekwenda Lamu na kukaa huko mwaka mzima bila ya kuleta hata salamu. Alisimama upenuni na buibui lake akamwaga matusi ambayo mimi, niliyekuwa mke wa mtu, sikuwa nimepata kuyasikia. Mwandishi alikuwa akiandika taratibu: kwa jenabi mpenzi, mtukufu, fulani bin fulani, Mungu amlinde na kila baya.

"Hayo siyo niliyosema!" akafoka yule mwanamke.

"Bado hatujafika kwako, bibi. Matusi yako yatakaa tini. Huku juu ni mahali pa heshima, hata yeye apata haki yake."

"Haki gani, yule kunguru?"

"Kunguru tutamwandika mstari wa saba."

Na kweli, mstari wa saba aliandikwa kunguru. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Mume yule alirudi mwezi uliofuata, na sijui alirudishwa na sifa au na kunguru.

Barua zilizoingia alizisoma kwa utaratibu ule ule, na hapo watu walimwona mkatili. Ililetwa barua ya mama mmoja aliyekuwa na mtoto wake wa kiume Zanzibar. Mtaa mzima ulikwisha kujua kilichomo isipokuwa mama mwenyewe. Mwandishi akaanza juu kabisa, mahali, tarehe hii, tarehe ile, jina lake yule mama na la babake, sifa moja baada ya nyingine, polepole, mpaka mama akamshika kifundo cha mkono akamwambia, kwa ajili ya Mtume, afike kwenye neno. Hakufika upesi. Baadaye, jioni ile, nilimwuliza kutoka dirishani kwa nini alimtesa mama wa watu.

"Sikumtesa. Nalimpa muda wa kukaa kitako," akasema. "Nilipokuwa nikisoma jina lake, mwanawe alikuwa angali mzima kwake. Kwani hiyo ni kidogo?"

Nilimwamini. Nikaona nina bahati kuwa na jirani kama huyu wa kuniandikia na kunisomea.

Yeye mwenyewe sasa, aliyewatafutia watu wote mahali na tarehe, alikuwa hajui leo ni siku gani mpaka aandike barua. Mara mbili nilimwona anavaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumanne. Mikono ya kanzu zake ilikuwa na wino mpaka viwikoni, na binti yake, aliyekuwa akiishi naye, alikwisha kukata tamaa ya kuzifua. Alikuwa mpole kwa paka na mkali kwa makarani. Aliogopa radi. Na katika miaka yote niliyokaa juu ya kichwa chake sikuona barua iliyoletwa kwa ajili yake. Zilikuja kwa mkono wake, zikapita kwa wengine.

Jambo la mwisho katika kazi yake lilikuwa nje ya barua, juu ya bahasha. Alipokwisha kuandika anwani alizitia tarakimu nne za Kiarabu, moja kila pembe: nane, sita, nne, mbili. Ni kinga ya zamani. Wazee wetu walizitia kwenye barua na mizigo ili visipotee njiani, na hakuna aliyeuliza kwa nini ziwe hizo. Alizitia kwa kalamu nyembamba ya mwanzi, si ile ya chuma, huku midomo inachezacheza kwa dua. Nilipenda kumwona akifanya hivyo kwenye barua zangu. Nilihisi kama amefunga mlango na kuusukuma kuhakikisha.

Barua za wanajeshi hazikuwa nyingi kwake. Wengi waliwaendea makarani vijana wa upande wa mjini, wanaoandika haraka kwa herufi za Kizungu. Yeye herufi hizo alizijua vilevile, lakini mteja mwenye mtu jeshini alikuwa na mimi tu. Majibu ya mume wangu yaliandikwa na karani wa kambi, na juu yake hapakuwa na mahali, kwa sababu wakati wa vita askari alikatazwa kusema aliko. Jambo hilo lilimuudhi Mwandishi kuliko vita vyenyewe.

"Nambari, kikosi, na mahali hamna," akasema, akigeuza karatasi kama mtu anayetafuta tundu la nguo. "Mumeo yuko hewani?"

"Ni amri yao, ami."

"Amri ya kumficha mtu na mkewe!"

Basi alipoandika zangu aliongeza, kama kulipiza: Mombasa, kisiwani, Kibokoni, karibu na bandari ya kale. Na tarakimu nne pembeni.

Mwaka wa pili wa vita, alasiri moja, alikuja kijana wa mtaani kwetu aliyekuwa akifanya kazi posta. Hakukaa. Alisimama karibu na kisanduku akazungumza chini chini, lakini baraza lile lilikuwa na tabia ya kupandisha sauti mpaka dirishani kwangu.

"Mzee, barua za jeshini zafunguliwa zote, wajua. Kuna Wazungu kazi yao ni hiyo. Hizi nambari zako wazidhani ni siri ya vita. Na huko kutaja bandari pia hawakutaki. Zitoe, barua zipite."

"Siri ya vita?" Mwandishi akacheka. "Mwambie huyo Mzungu hizi ni kongwe kuliko babuye."

"Mimi siwezi kumwambia kitu. Nakwambia wewe."

"Na barua isiyosema yatoka wapi, yaitwa barua gani?"

Kijana akaenda zake. Mwandishi akainua uso dirishani. Alijua nipo, alijua siku zote.

"Umesikia, mwanangu. Barua ni yako. Nizitie au nisizitie?"

Nimelikumbuka swali hilo kwa miaka mingi, na jibu langu pia. Sikufikiri hata kidogo. Nilimwona mume wangu yuko mahali pasipo na jina, na barua yangu inakwenda uchi baharini kati ya manowari na mabomu, bila ya kinga.

"Zitie, ami," nikasema.

Akazitia.

Baada ya hapo jibu moja lilikuja, kisha kimya cha miezi mitatu, kisha jingine. Alinisomea yote mawili. Kitwa alikisoma kizima, nambari na kikosi na salamu, na baada ya hapo alikuwa na haraka. "Yuwasalimia. Hajambo. Yuwauliza afya yako." Nilidhani karani wa kambi amekuwa mvivu. Kila mwezi mimi niliandika. Nilimweleza mume wangu habari za mgawo wa unga, za kuta zilizopigwa chokaa, za kofia niliyokuwa nikimshonea yeye, yenye vijicho vidogo vidogo, ambayo sikutaka kuimaliza kabla hajarudi. Wakati mmoja Mwandishi alinyosha mkono akaniomba uzi, ule mweupe wa kofia, ana karatasi za kufunga. Nikamteremshia dirishani donge zima. Sikuuliza karatasi gani.

Kisha ikaja ile. Mwandishi akaniita mwenyewe, nikashuka, nikakaa ukumbini kwake nyuma ya mlango nusu wazi, kama ilivyokuwa desturi yetu. Niliisikia karatasi ikifunguliwa. Kisha sikusikia kitu.

"Soma, ami."

"Hii haina kitwa, mwanangu."

"Basi soma hivyo hivyo."

"Haina salamu. Haina jina lako."

"Ami, soma!"

Akasoma. Mume wangu ameniacha kwa talaka moja, na baada ya eda yangu niko huru. Mwandishi akasema ni hayo tu. Nikauliza sababu. Akasema sababu haikuandikwa.

Nilikaa eda chumbani juu, na kofia ile nikaiweka chini ya sanduku. Sikulia sana mbele za watu. Nililia kwa kuhesabu makosa: labda nilimwandikia jambo lililomchoma, labda habari za unga zilimchosha, labda alisikia uongo juu yangu kutoka kwa mtu. Vita vilipokwisha askari walirudi, wakashuka stesheni kwa mabunda yao, na yeye hakuwamo. Mmoja wao akasema amebaki bara, ameoa huko. Alinitazama kwa jicho la lawama alipokuwa akisema, na mimi sikujua ninalaumiwa nini. Watu wa mtaani nao walikuwa na jicho hilo. Mwanamke aliyeachwa na askari, wanasema, hakukosa la kufanya mumewe alipokuwa vitani. Miaka mitatu nilibeba jicho hilo bila ya kujua nimelipata wapi.

Mwandishi wakati huo alikuwa amepungua. Wateja walikwenda kwa makarani, au watoto wao walikuwa wamesoma skuli. Kisanduku kilikaa barazani kimefungwa, na yeye nyuma yake, mikono magotini. Aliacha kuinua uso dirishani. Nilidhani ni uzee, na wakati mwingine nilidhani hata yeye ananishuku, na hilo liliniuma kuliko ya wengine.

Mwisho wa miaka ile akaanguka kitandani. Asubuhi moja binti yake alikuja akaniambia, "Baba yuwakwita. Uje peke yako, asema."

Nikamkuta amelala ubavu, amekuwa mdogo. Kisanduku kilikuwa kitandani kando yake.

"Sabalkheri, ami."

"Sabalkheri, mwanangu. Fungua hicho."

Nikafungua. Juu ya kalamu palikuwa na bunda la barua, limefungwa kwa uzi mweupe. Niliujua uzi kabla ya kuzijua barua. Bahasha zilikuwa tisa. Kila moja ilikuwa na muhuri juu yake na mstari wa kalamu nyekundu, na kila moja ilikuwa na tarakimu pembeni, zimezungushiwa duara kwa kalamu ile ile nyekundu.

"Ni zako," akasema. "Zalirudi. Zalirudi kwangu kwa sababu kitwa chasema kwa mkono wangu."

Nadhani nilisimama. Sikumbuki nilisimama vipi.

"Ya kwanza iliporudi nalisema ni bahati mbaya. Ya pili nalisema huyo Mzungu atatoka kazini, atakuja mwingine mwenye akili. Ya tatu naliona haya kukwambia ya kwanza."

"Na kuzitoa zile nambari?"

"Ningezitoa ungeniuliza kwa nini."

Nje mtu alikuwa akipita na kengele ya kahawa. Nilimngoja apite. Kisha nikauliza lile nililokuwa nikiliuliza ukuta kwa miaka yote ile, sababu ya talaka.

"Iliandikwa," akasema. "Na kabla ya hiyo, katika zile mbili. Mistari nisiyokusomea." Akafumba macho akaisoma kutoka kichwani, neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya barazani. "Nimekuandikia mara mbili sasa na sikupata hata salamu. Wenzangu wapata. Kama umepata mwingine niambie, nisiwe nangojea bure." Akapumua. "Na ile ya mwisho: kwa kuwa umechagua kunyamaza."

Mtu huyu hakupata kumpunguzia mtu sifa moja. Alimwandika mtu kunguru na jenabi kwenye karatasi moja. Mimi alinipunguzia mume.

"Niwie radhi, mwanangu," akasema. "Sina siku nyingi. Sitaki kwenda nayo."

Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma. Na chini ya hasira palikuwa na jambo jingine lililoizidi, nalo ni sauti yangu mwenyewe kutoka dirishani ikisema zitie. Yeye hakulitaja neno hilo. Angeweza, na lingempunguzia mzigo, lakini hakulitaja, na hilo likaniudhi zaidi.

"Nimekuwia radhi," nikasema, upesi, kama mtu anavyomwambia mwombaji Mungu atakupa.

Akafungua macho akanitazama.

"Hicho ni kitwa, mwanangu. Kizuri. Barua yenyewe hujaiandika."

Nililichukua bunda langu nikalitia ndani ya buibui.

"Ukiwa tayari, ndoo kwangu uniambie. Mimi nipo papa hapa."

Nikiwa mlangoni nikamsikia akimwuliza binti yake leo ni tarehe ngapi. Akamtajia. "Na ya Kizungu?" Akamtajia na hiyo.

Nilijipa siku tatu za kumaliza hasira. Nilipanga nitakwenda Ijumaa, baada ya swala, na nitamwambia kwamba mimi ndiye niliyesema zitie, na kwamba kosa lilikuwa letu sote wawili, na kwamba nilimpenda kwa zile asubuhi zote za kusikiliza, na ndipo nitasema nimekuwia radhi kwa moyo. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, moja baada ya jingine.

Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, nilikuwa na kofia mkononi niliposikia kilio kupitia ukuta. Chini barazani wanaume walikuwa wameanza kukusanyika, wakiulizana atazikwa saa ngapi. Niliweka sindano. Nikasogea mpaka ukutani, ule tulioshirikiana, nikayasema yote, kuanzia dirishani mpaka mwisho, bila ya kuruka mstari. Hapakuwa na wa kuyapokea.